SOMO LA MATEMBEZI: MFUKO WA KULALIA MLIMANI



Mnajua ya kuwa kikundi chetu cha matembezi kinajitayarisha kupanda mlima katika likizo kubwa, mwezi wa saba, kama wakubwa wa mji watasema njia ni salama. Tutakuwa watu 12 pamoja na mwalimu wetu wa bioloji, na tutalala huko juu usiku tatu. Neno moja linaleta mabishano mengi katika bweni: tulalie nini? Wengine wameona picha za mifuko ya kulalia ya Wazungu, ile inayojazwa manyoya laini ya bata, nayo hukunjwa ikawa kidogo kama mkate. Wanasema sanduku la kikundi litoe franka zote, tuagize mifuko hiyo kwa mfanyabiashara mmoja wa Kalemie anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Franka zetu zinatosha mifuko mitatu. Sisi ni 12.

Siku ya posho tutapiga kura. Kikundi kimenituma mimi kapita niandike somo hili, kusudi kila mtu apige kura akijua maana ya kitu anachokitaka, si kwa sababu picha ni nzuri.

BARIDI YA HUKO JUU

Mtu aliyezaliwa hapa Bendera au kando ya ziwa anafikiri baridi ni ile ya asubui ya kiangazi, unayoifukuza kwa chai. Tufanye hesabu ya fizike. Hewa hupoteza karibu degre 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Kilele cha milima ya Kabobo kinafika karibu mita 2,700. Basi kutoka ziwa mpaka kilele ni zaidi ya mita 1,900, maana yake degre 11 au 12 zinapotea. Kama usiku wa ziwani ni degre 20, kule juu ni 8 au 9. Tena usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa wazi pasipo mawingu, ardhi inapoteza joto lake haraka. Na upepo ukivuma, mwili unaona baridi kupita ile inayoandikwa na kipimajoto.

Degre 8 si kitu cha kuua mtu aliye mkavu, mwenye kushiba, mwenye bulangeti mbili. Lakini degre 8 na shati iliyolowa jasho, na upepo, na tumbo tupu, hiyo ni hatari ya kweli. Wengi wanafikiri baridi inaua kule kwenye barafu tu, kwa mfano Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Si hivyo. Mwili wa mtu unataka degre 37. Ukishuka chini ya 35, mtu ameanza kuwa mgonjwa wa baridi, hata kama majani yanayomzunguka ni mabichi na hakuna barafu hata kidogo.

MANYOYA HAYANA MOTO NDANI YAKE

Hapa ndipo kosa la watu wengi. Wanasema, «Manyoya ya bata yana joto.» Chukua jiwe la mtoni, litie ndani ya mfuko wa manyoya ulio mzuri kupita yote, uliache usiku mzima. Asubui utakuta jiwe lile lile, baridi vile vile. Mfuko hauna moto wake. Moto ni wewe mwenyewe: ni ugali uliokula, na damu inayozunguka. Kazi ya mfuko ni kuzuia joto lako lisikimbie.

Nayo inazuia kwa nini? Kwa hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa upesi. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Mkumbuke hesabu hiyo, tutaihitaji mbele. Lakini hewa isipofungwa inatembea, na ikitembea inabeba joto lako na kwenda nalo. Kwa hiyo tunataka kitu cha kukamata hewa katika vyumba vidogo vidogo sana. Bulangeti la sufu ya kondoo linafanya hivyo. Majani makavu yanafanya hivyo. Nyasi ya paa la nyumba inafanya hivyo. Lakini hakuna kinachofanya vizuri kupita manyoya laini ya chini ya bata na bata bukini wa inchi za baridi, yale ambayo kwa Kifaransa wanaita duve.

Duve si unyoya wa kawaida. Unyoya wa juu wa kuku una mti katikati, kama kalamu, na ni bapa. Duve haina mti ule. Ina kiini kidogo, na nyuzi nyingi laini zinatoka kila upande, kama ua la pamba. Inaota kifuani mwa ndege, chini ya manyoya ya nje. Mkitaka kuona kitu kinachofanana nayo, tazameni kifaranga cha bata wa siku tatu kabla hajalowa. Ukiibana duve mkononi inakuwa si kitu. Ukiifungua inapanda tena na kujaa. Ndiyo sababu mfuko wake ni mwepesi na unaingia katika sakado pasipo kula nafasi yote.

Watu wa milima walijifunza jambo hili polepole. Mwaka 1861 Muingereza Francis Fox Tuckett alikuwa akijaribu mfuko wa kulalia katika milima ya Alps. Mwaka 1876 mfanyabiashara wa Wales, Pryce Pryce-Jones, aliandikisha bulangeti lake la kukunjwa lenye mto wa hewa, akaliuza kwa jeshi la Urusi. Na mwaka 1922 George Finch alikwenda Everest na koti la duve lililoshonwa kwa kitambaa cha baluni. Wenzake walimcheka, mpaka baridi ilipofika.

NAMNA YA KUUSOMA MFUKO

Kwenye mfuko wa duve kuna hesabu kama 550, 650, 800. Wauzaji wanaitaja sana, na wanunuzi wanaogopa kuuliza maana yake. Maana ni hii: wanachukua duve ya uzito wa gramu 28, wanaiacha ijae ndani ya chombo, halafu wanapima nafasi iliyochukua kwa kipimo cha Kiingereza. Kwa kipimo chetu, duve ya 600 inajaza karibu litre 10 kwa gramu 28, na ile ya 800 inajaza karibu litre 13. Hesabu kubwa si kusema mfuko una joto zaidi! Ni kusema unahitaji duve kidogo zaidi kupata joto lile lile. Mfuko wenye gramu 200 za duve ya 800 utashindwa na mfuko wenye gramu 500 za duve ya 600. Kwa hiyo uulize maneno mawili pamoja: duve ni ya namna gani, na ni gramu ngapi ndani. Muuzaji akikuambia moja tu, umuulize na la pili.

Kuna vilevile hesabu za degre. Tangu miaka ya 2000 viwanda vya Ulaya vinapima mifuko kwa sanamu ya mtu yenye joto ndani, na siku hizi kuna sheria ya dunia inayoitwa ISO 23537. Wanaandika degre tatu. Ya kwanza ni ya raha: mwanamke wa kawaida analala vizuri. Ya pili ni ya mwisho wa kulala: mwanaume wa kawaida anajikunja lakini anaweza kulala. Ya tatu ni ya hatari: mtu hafi usiku ule, lakini anatetemeka na anaweza kuugua. Muuzaji mwenye hila ataonyesha ile ya tatu kwa maandiko makubwa. Ninyi someni ya kwanza tu. Kwa safari yetu, mfuko wa raha ya degre 5 unatosha kabisa. Anayetaka mfuko wa degre 20 chini ya sifuri anataka kulipa na kubeba kitu cha nchi nyingine, na usiku atatokwa jasho kama mtu wa malaria.

Halafu tazama mshono. Mfuko wa bei ndogo unashonwa moja kwa moja, kitambaa cha juu na cha chini pamoja; kila mstari wa mshono hauna duve, ni njia ya baridi. Mfuko mzuri una kuta ndogo za kitambaa ndani, vyumba kwa vyumba. Tazama zipu: je, nyuma yake kuna utepe mnene wa kuzuia upepo? Je, kuna kofia ya kufunga kichwa? Usichukue mfuko mrefu au mpana kupita mwili wako, kwa maana utapasha moto hewa ya bure miguuni. Ulaze chini, usubiri dakika chache, uone kama unajaa. Uubane kwa kiganja: ukisikia miti mingi ya manyoya inachoma, hiyo si duve sana. Uuelekeze kwenye jua: ukiona mabonge hapa na utupu pale, umekwisha kuchoka au ulilowa zamani. Na uunuse.

Mtu asiseme ya kuwa maneno haya si ya kwetu. Katika mitumba ya nguo inayofunguliwa sokoni hutoka mara nyingine makoti ya duve, na watu wanayapita kwa sababu yanaonekana ya ajabu. Koti la namna ile, likiwa kavu na lenye kujaa, linalaliwa pamoja na bulangeti, na bei yake si ya kuumiza.

ADUI WA DUVE NI MAJI

Sasa nimefika kwenye neno lenyewe. Duve ikilowa, nyuzi zake zinashikamana, inakuwa bonge kama uji, na ile hewa inatoka. Maji yanachukua nafasi yake, nayo nimesema yanapitisha joto zaidi ya mara 20. Mfuko wa bei kubwa unakuwa mbaya kupita bulangeti la bibi yako. Wala haukauki upesi. Kule kwenye mlima wa barafu kavu, hewa haina maji mengi, duve inakaa vizuri. Lakini mlima wetu ni wa msitu. Ukungu unalala juu ya miti hata wakati wa kiangazi, umande unanyesha kama mvua ndogo, na mto Kyimbi unaozungusha mashini za umeme hapa Bendera haupati maji yake kutoka jangwani! Tena mtu mwenyewe anatoa maji usiku kwa jasho na pumzi. Kwa hiyo mwenye duve asipumue ndani ya mfuko. Aache pua na mdomo nje.

Viwanda vingine siku hizi vinatia duve dawa ya kufukuza maji. Inasaidia kwa umande, haisaidii kwa kuanguka mtoni.

Kuna mifuko ya nyuzi za plastiki, wanaita sintetike. Ni mizito kupita ya duve, inakula nafasi, na ikibanwa miaka mingi inalala na kupoteza joto. Lakini ikilowa inabakiza joto kidogo, ukiikamua inakauka kwa upesi, na bei ni ndogo. Kwa milima ya barafu ningechagua duve. Kwa msitu wa Kabobo, kama ni franka zangu, ningechagua sintetike na kubeba gramu mia kadhaa zaidi. Sisi si wapagazi wa Kilimanjaro, ambao kanuni inawaruhusu kilo 20 za mizigo ya wageni. Sisi tunabeba vyetu tu.

Mwenye duve, awe nani, afuate sheria hizi. Mfuko uingie katika plastiki nzima isiyotoboka, halafu ndani ya sakado. Nyumbani usiuache umebanwa; utundike au uuweke katika gunia kubwa, ujae. Usiuoshe kwa sabuni kali ya nguo, wala usiunyanyue ukiwa umelowa kwa upande mmoja, maana uzito wa maji unapasua zile kuta za ndani. Kuukausha ni kazi ya siku nyingi, na kuyavunja mabonge kwa vidole.

TUSISAHAU UPANDE WA CHINI

Neno hili halionekani katika picha. Ukilala juu ya mfuko, mwili wako unaibana duve ya chini mpaka hewa yote inatoka. Mgongoni huna mfuko tena, una vitambaa viwili tu na udongo wa baridi. Na udongo hauchoki kunywa joto. Mtu mwenye mfuko wa bei kubwa juu ya udongo mtupu atatetemeka, na jirani yake mwenye bulangeti mbili juu ya kitanda kinene cha majani makavu atakoroma.

Kwa hiyo kila mtu awe na kitu cha chini: kipande cha godoro la sponji, au mkeka juu ya nyasi kavu. Nyasi iwe nene, kwa maana ukiilalia inashuka. Chini ya nyasi, plastiki ya kuzuia maji ya ardhi. Mkitaka kuchagua kati ya kuongeza bulangeti ya tatu juu ao kutia godoro chini, tieni chini.

JE, TUNAWEZA KUJITENGENEZEA?

Wadogo wa kalasi za chini waliniuliza: mbona tusijaze mfuko kwa manyoya ya kuku wa jikoni? Nimekwisha kueleza: unyoya wa kuku ni bapa na una mti, haukamati hewa vizuri, unachoma, na usipooshwa sawasawa unaleta harufu na wadudu. Bata wetu wana duve, ndiyo, lakini ndege wa nchi ya joto hana sababu ya kuvaa koti nene. Mfuko mmoja unataka gramu mia nne au tano za duve safi. Hesabuni wenyewe ni bata wangapi, halafu mkamwambie mama mpishi.

Pamba ya msufi, ile inayotoka katika maganda ya ule mti mrefu, ni jambo jingine. Nyuzi zake ni kama mirija mitupu yenye hewa ndani, tena zina nta kidogo, hazipendi maji. Zamani waliijaza katika makoti ya kuokoa mabaharia. Kwa mto wa kichwa ni nzuri sana. Lakini ukiibana na kuikunja mara nyingi nyuzi zinavunjika na kushikamana, na inashika moto upesi sana. Kwa mfuko wa safari, hapana.

Njia iliyo rahisi ni bulangeti mbili. Kunja kila moja katikati, tia moja ndani ya nyingine, shona chini na upande mmoja mpaka kwenye magoti, na sehemu ya juu ufunge kwa vifungo. Hewa inakaa katikati ya bulangeti na bulangeti. Ndani tia shuka iliyoshonwa kama gunia: inaongeza joto kidogo na inazuia jasho lisichafue. Uzito unafika kilo tatu ao zaidi, sikatai. Lakini ukilowa unaukamua, na ukirudi nyumbani unalala nao mwaka mzima. Usiku uvae kofia na soksi kavu ambazo hukutembea nazo. Kula kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri, itie kati ya mapaja. Na uende haja ndogo kabla ya kujifunga, si baada.

MAMBO MAWILI YA KUUA

Wa kwanza ni mbabula. Kila mwaka kuna mtu anayesema tutawasha makala ndani ya hema tufunge mlango. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Inachukua nafasi ya hewa nzuri katika damu, na mtu analala asiamke. Hapana mbabula ndani ya hema, hapana ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama makala yanaonekana yamekufa.

Wa pili ni lutuku. Wengine wanasema inapasha mwili moto. Inakudanganya: inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unasikia joto kwa sababu joto lako linatoka nje. Ndani unapoa. Najua sheria ya shule inakataza tayari, lakini ni vema mjue ya kuwa fizike nayo inakataza.

Mkiona mwenzenu anatetemeka pasipo kuacha, anajikwaa, maneno yake yanavurugika kama mlevi, ao anasema hana haja ya kitu akae tu, msimcheke. Mvueni nguo zote zilizolowa, mumkaushe, mumtie ndani ya mfuko mkavu wenye joto, godoro chini yake, mtu mmoja mkavu alale karibu naye. Kama anaweza kumeza, mpeni chai yenye sukari. Akiacha kutetemeka na huku bado ni baridi, hajapona. Anazidi kuwa mgonjwa, na lazima ashushwe chini polepole pasipo kumtikisa.

SHAURI LANGU KWA KURA

Kwa ajili ya mgonjwa huyo ninasema tusikatae duve kabisa. Tununue mmoja tu, wa raha ya degre 5 ao chini yake kidogo, wenye kuta za ndani. Ukae ndani ya plastiki mbili katika sakado ya mwalimu, mtu yeyote asiulalie kwa anasa; ni wa yule atakayeshikwa na baridi. Franka za mifuko miwili inayobaki zinunue sponji ya kulalia ya watu 12, plastiki za chini, na bulangeti za wale wasio nazo. Nimehesabu na mtunza sanduku mara mbili. Zinatosha, na kidogo inabaki kwa sukari.

Wanaotaka mifuko mitatu waje siku ya posho na jibu la swali hili: ni nani tisa watakaolala pasipo?

Kura ni saa nane baada ya chakula, kalasi ya pili. Wasichana na wavulana wanaojua kushona waje na sindano ya magunia na uzi wa nailoni. Bulangeti za kwanza tutaanza siku ile ile kama kura itakwenda hivyo.